Uru

Saa ya Kiswahili haiendi Lisbon. Kwetu jua ni mtu wa ahadi: saa kumi na mbili na ushei limetua, adhana ya magharibi imesikika, watoto wameitwa ndani. Lisbon mwezi wa Juni, saa kumi na mbili jioni jua bado linachoma vigae vya mapaa, na muadhini wa kule hungoja mpaka saa tatu usiku ndipo aiite magharibi yake. Mgeni hesabu zinampotea, ila anafaidi, maana mchana wa kule una mkia mrefu.

Mimi nilikuwa na mchana mmoja tu. Kazi iliyonipeleka iliisha saa sita, na ndege ya kunirudisha ilikuwa alfajiri ya kesho yake. Mwenyeji wangu, mama mkarimu aliyeupenda mji wake kama mtu anavyompenda mtoto mtundu, alikuwa ameniandikia mahali kumi na nne pa kwenda. Ngome ya São Jorge. Kanisa kuu. Alfama na vichochoro vyake. Tramu namba 28. Niliisoma orodha ile nikajiona nikikimbizana na vilima kama karani wa sensa siku ya mwisho. Nikaikunja, nikaitia mfukoni. Katika mji ule kuna kitu kimoja cha dhahabu, kimo chake sentimita 73, ambacho nilikuwa nimekisikia tangu darasa la sita. Niliamua kukifuata hicho, na chochote kitakachokuwa njiani nitakiona, kisichokuwa njiani kitanisamehe.

Darasa la sita nilisoma Lindi. Mwaka ule mwalimu wetu wa historia alitupeleka Kilwa Masoko, tukavuka kwa mashua hadi Kisiwani. Tuliingia Msikiti Mkuu tukahesabu makuba, tukapanda hadi magofu ya Husuni Kubwa, tukala mihogo chini ya mbuyu, kisha tukapangwa mbele ya lile boma la pwani linaloitwa Gereza tupigwe picha. Mwenzetu mmoja akauliza wafungwa walikuwa wangapi. Mwalimu akacheka. Neno hilo, akasema, ni la Kireno, igreja, maana yake kanisa. Wareno walijenga makanisa ndani ya ngome zao, watu wa pwani wakaiita ngome nzima kwa jina la kanisa, na baadaye watu walipofungiwa ngomeni jina likabaki na wafungwa. Halafu akaongeza, kwa sauti ya mtu anayekumbusha deni la marehemu, kwamba dhahabu ya Kilwa ilibebwa ikapelekwa kwao, ikafuliwa chombo cha kanisa, na chombo kipo hadi leo. "Mtakaofika Ulaya," akasema, "mkaisalimie."

Huko Lisbon nilikuwa nimefikia karibu na uwanja wa Rossio. Ukitoka pale, hatua chache tu, unaingia kiwanja kidogo mbele ya kanisa la São Domingos, na hapo ndipo Waafrika wa Lisbon wanapokutana. Akina mama wa Guinea-Bissau wameketi na vikapu vyao vya kola. Wanaume wamesimama mafungu mafungu wakibishana kama kijiwe chochote cha Kariakoo. Kanisa lenyewe liliungua mwaka 1959, na walipolirudishia paa waliziacha nguzo vilevile zilivyobabuka, mawe yamemeguka, kuta zina makovu. Katika mji wenye makanisa yaliyojaa dhahabu mpaka macho yanachoka, hili ndilo lililonikalisha kitako.

Nje yake kuna jiwe la kumbukumbu lenye nyota ya Daudi. Aprili 1506, kanisani humo, ghasia zilianza zikamwagikia mitaani, na kwa siku kadhaa watu wa Lisbon wakawaua Wayahudi waliokuwa wamelazimishwa kubatizwa. Na katika São Domingos hiyohiyo Waafrika wa Lisbon, watumwa kwa walioachwa huru, walikuwa na chama chao cha Rozari, kikizika wafu wao na kuwatetea walio hai. Mahali pamoja palimeza hayo yote mawili. Mwaka 1506 ushike, tutaukuta tena kabla ya jua kuzama.

Nikiwa pale nilipigiwa simu kutoka nyumbani. Nilipomaliza, mzee mmoja aliyevaa kofia ya viua akanisogelea. "Wewe Mswahili," akasema, wala hakuuliza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Alikuwa Mmwani wa kisiwa cha Ibo, Cabo Delgado, upande wa pili wa Ruvuma. Kimwani chake na Kiswahili changu ni ndugu waliolelewa nyumba mbili. Tulisikilizana huku tukiruka neno hapa na pale, na tulipokwama yeye alichomeka Kireno. Akaniuliza naelekea wapi na jua lile. Nikamwambia nakwenda kuiona dhahabu ya Kilwa, iko jumba la makumbusho.

"Na kuiona mnalipa?"

"Tunalipa, mzee."

Alicheka mpaka akashika kiuno. Akawageukia wenzake akawatafsiria, nao wakacheka, na mama mmoja wa kola akanipa punje moja ya bure kwa ajili ya safari.

Kutoka hapo hadi mtoni ni mteremko, na njia za miguu za Lisbon zimetandikwa vijiwe vidogo vya chokaa vilivyosuguliwa na soli za watu mpaka vikang'aa kama sahani. Vaa kiatu chenye meno. Mimi nilivaa cha ngozi, nikateleza mara mbili, na mara ya pili nilijishika kwenye meza ya mgahawa. Nikamwomba radhi mwenye meza, naye akaashiria ubao wa bei kana kwamba nimekuja kula. Nikausoma. Hapo ndipo ule mchezo ulipoanza, na haukuniacha tena siku nzima. Mesa. Copo. Vinho. Dukani jirani lenço za kujifunga kichwani, dirishani bandeira ya timu ya mpira, kwa fundi viatu sapato, na kwenye duka la vifaa vya ujenzi boksi zima la parafuso. Meza, kopo, mvinyo, leso, bendera, sapatu, parafujo. Nilikuwa natembea katika nchi ya ugenini nikisoma orodha ya vitu vya nyumbani kwa bibi yangu. Wareno walikaa pwani yetu, kwa kuja na kuondoka, kama miaka 200. Waliondolewa Fort Jesus na Waomani mwaka 1698, na wakaacha maneno mengi zaidi ya makaburi. Ukiyatazama maneno yenyewe unajua walikuja na nini: vyombo, nguo, kinywaji, kasha, pipa. Neno la kumshukuru mtu hatukuchukua kwao.

Chini kabisa mtaa unapita katika tao kubwa na kukutema kwenye uwanja mpana ulio wazi upande wa mto. Ramani inauita Praça do Comércio, Uwanja wa Biashara. Wenyeji bado wanauita Terreiro do Paço, uwanja wa kasri, ingawa kasri lenyewe halipo tangu asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755. Ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yamejaa, mishumaa imewashwa. Ardhi ikatikisika. Waliookoka wakakimbilia mtoni kwenye uwazi, na mto ukapanda ukawafuata. Baadaye mishumaa iliyoanguka ikawa moto uliowaka siku nyingi. Kasri la mfalme likaenda na maktaba yake, pamoja na Casa da Índia, ofisi iliyoshughulikia biashara yote ya Bahari ya Hindi. Sehemu ya historia yetu sisi iliteketea hapo, karatasi kwa karatasi, na hatutajua kamwe ilikuwa kiasi gani.

Aliyeujenga upya mji ni waziri wa mfalme, Marquês de Pombal. Mitaa iliyonyooka niliyoishukia ni ya kwake, na ndani ya kuta za majengo yake kuna kitu ambacho mtu wa pwani angekitambua mara moja: kiunzi cha miti iliyofungamanishwa, ili nyumba itikiswe iyumbe isivunjike. Wahandisi wake wanasifiwa duniani kote kwa hilo, na wanastahili. Nami nilifikiria tu boriti na fito za nyumba tuliyozaliwa.

Tramu namba 15 inakwenda Belém ikifuata mto. Ni ndefu, ya kisasa, haina mvuto wa zile ndogo za manjano zinazopanda vilima, lakini ina nafasi ya kusimama. Dakika kama thelathini baadaye ungeniona nimesimama mbele ya monasteri ya Jerónimos, shingo imepinda.

Nilikuwa nimejiandaa kuichukia. Ilishindikana. Mawe ya nguzo zake yamechongwa kamba za meli, majani, matumbawe, wanyama, mpaka unasahau kuwa ni mawe. Dari ya kanisa imetandazwa juu kama matawi ya minazi iliyokutana. Ujenzi ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1500 kwa amri ya Mfalme Manuel I, na fedha zilitoka kwenye tozo ya asilimia 5 ya biashara ya Afrika na Mashariki. Kaburi la Manuel mwenyewe limebebwa na tembo wa marumaru. Karibu na mlango amelala Vasco da Gama, jiwe limechongwa umbo lake, mikono imekutana kwa sala. Alifia Cochin, India, mwaka 1524. Mkabala naye amelazwa Camões, mshairi aliyezigeuza safari zile kuwa utenzi wa taifa. Mwenye kutenda na mwenye kusifu, wanatazamana.

Watalii walikuwa wanampiga picha da Gama. Nami nilisimama nikimtazama uso. Huyu ndiye aliyefika Mombasa Aprili 1498 akakosana na watu, akaendelea Malindi akapokewa vizuri, akapewa rubani aliyemvusha hadi Calicut. Huyu ndiye aliyerudi mwaka 1502 na meli za vita, akatia nanga Kilwa, akamlazimisha mtawala wake, Amir Ibrahim, akubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kutoa dhahabu kila mwaka, la sivyo mji upigwe mizinga. Kiasi kinachotajwa sana ni mithkali 1,500. Alifika nayo Lisbon mwaka uliofuata. Dhahabu hiyo iliinunulia Kilwa amani ya kama miaka mitatu tu: mwaka 1505 Francisco de Almeida alifika na kundi jingine la meli, akauteka mji na kuupora.

Ng'ambo ya barabara, ukingoni mwa mto, limesimama lile sanamu kubwa la zege lenye umbo la meli, Padrão dos Descobrimentos, Mnara wa Uvumbuzi. Ulijengwa kwanza mwaka 1940 kwa ajili ya maonyesho, ukavunjwa, ukajengwa tena kwa mawe na zege mwaka 1960. Watu 33 wamepangwa kwenye ubavu wa meli ile: wafalme, mabaharia, mapadri, mchora ramani, mshairi; mwanamke ni mmoja. Rubani wa Malindi hayumo. Wasomi wanabishana hata leo kuhusu jina lake, na hilo lenyewe linatosha kukuonyesha nani alikuwa anaandika. Chini yake kuna dira kubwa ya marumaru na ramani ya dunia unayoikanyaga kwa miguu, zawadi ya Afrika Kusini ya makaburu, mwaka huohuo wa 1960, mwaka ambao nchi nyingi za Afrika zilikuwa zinashusha bendera za watu. Watoto walikuwa wanaruka kutoka Brazil hadi Angola. Sikukaa sana.

Nilikaa zaidi kwenye vitobosha vya Belém, na sioni haya kusema. Duka lililo jirani na monasteri limekuwa likivioka tangu mwaka 1837: maandazi madogo ya unga wa tabaka, katikati maziwa na kiini cha yai yaliyoungua juu kidogo. Inasemekana nyumba za watawa zilitumia ute wa mayai kunyooshea nguo kama wanga, viini vikabaki, vikatafutiwa kazi. Unanyunyizia mdalasini mwenyewe. Nikanyunyiza kwa ukarimu wa mtu anayejua umetoka wapi. Nikala viwili, nikafunga vingine viwili kwenye karatasi.

Saa kumi na nusu nilikuwa nimerudi nusu ya njia, napanda ngazi ndefu kutoka barabara ya bandarini hadi Museu Nacional de Arte Antiga, jumba la makumbusho la sanaa za kale. Ndani mna vitu vya kumkalisha mtu wiki. Mna mapazia ya kukunja ya Kijapani ambayo wachoraji wake waliwachora Wareno wakishuka melini, pua ndefu, suruali zimevimba kama mapulizo, na kati yao watu weusi wakibeba mizigo na kukwea milingoti. Hao nao walikuwa na makwao. Nikapita.

Kisha nikaiona.

Ni monstransi, kama Wakatoliki wanavyoiita, chombo cha kuonyeshea Ekaristi. Ipo ndani ya kioo peke yake. Picha za vitabuni zinaidanganya, zinaifanya ionekane nzito. Yenyewe ni nyepesi machoni, kama mnara uliojengwa na buibui. Kitako chake kimejaa maua na ndege wa rangi. Kwenye shingo kuna matufe sita ya pete, nembo ya Manuel, mfalme aliyependa kuijumlisha dunia yote katika alama yake. Juu, mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuizunguka nafasi ya hostia, kila mmoja na uso wake na rangi ya joho lake, wadogo kuliko kidole. Juu yao ananing'inia njiwa, na juu kabisa ameketi Mungu Baba. Mfua dhahabu aliitwa Gil Vicente, na wengi wanaamini ndiye yuleyule mwandishi anayehesabiwa kuwa baba wa tamthilia ya Kireno. Mfalme aliiachia monasteri ya Belém katika wasia wake.

Lakini mimi nilikuwa natafuta maandishi. Yanazunguka kitako, kwa herufi za kale zilizobanana, na ilinibidi nikizunguke kioo mara tatu huku nimeinama kama mtu aliyedondosha sindano. Yanasema Mfalme Manuel aliamuru chombo hiki kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, kikamalizika mwaka 1506. Jina limeandikwa bila K, lakini ni lenyewe.

Nilitegemea hasira. Kilichonipata ni mshangao. Neno walilolitumia, párias, ni kodi anayotoa mtawala aliyeshindwa kumpa aliyemshinda. Hawakuandika zawadi. Hawakuandika biashara. Mwaka 1506, wakiwa na nguvu zote, waliiandika sababu kwenye kitako cha chombo kitakatifu, mbele ya Mungu na mitume, bila kupepesa macho. Mwaka 1960, walipojenga meli yao ya zege, waliiita Mnara wa Uvumbuzi. Waliokuwa wakichukua walikuwa wakweli kuliko wajukuu waliokuwa wakijisifia.

Na ukweli una makali pande zote mbili. Dhahabu ile haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe, ikateremshwa hadi Sofala, na kwa miaka mingi masultani wa Kilwa ndio walioishika njia hiyo na kuitoza. Msikiti tuliohesabu makuba yake darasa la sita ulijengwa kwa utajiri huo. Waliochimba mashimo hawajaandikwa kwenye kitako cha kitu chochote, Lisbon wala Kisiwani.

Nikakumbuka nimetumwa. Nikainama karibu na kioo, nikasema kwa sauti ya chini, "Habari za siku nyingi." Mlinzi wa chumba, binti mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kiti, aliinua macho, akanitazama, akayarudisha kwenye simu yake. Nadhani ameona mengi.

Walifunga saa kumi na mbili, tukatolewa. Jua lilikuwa bado kali. Nilirudi katikati ya mji kwa miguu, nikapita mtaa mwembamba unaoitwa Rua do Poço dos Negros, Mtaa wa Shimo la Weusi. Una migahawa mizuri na maduka ya kahawa. Mwaka 1515 Manuel huyohuyo aliamuru lichimbwe shimo upande huu wa mji, kwa sababu maiti za watumwa zilikuwa zinatupwa ovyo na mbwa wanazila. Kufikia miaka ya 1550, karibu mtu mmoja kati ya kumi wa Lisbon alikuwa mtumwa. Nilitafuta bango la kueleza habari hizo nikaona kibao cha jina la mtaa tu. Nilisimama chini yake kwa muda, watu wakinipita na vikombe vyao.

Juu ya mlima nilikuta bustani ndogo, kiosko, na wazee wanne kwenye meza ya zege wakicheza karata, wawili kwa wawili. Miguu ilikuwa imekwisha. Nikakaa benchi la jirani, nikafungua karatasi yangu ya vitobosha. Sijui Kireno, na sikuwa nasikiliza. Yule aliyegawa akafunua karata akaiweka mezani, akasema kitu, na nikajikuta nimeelewa kabla sijajua kuwa ni lugha ya wengine.

Trunfo. Ouros.

Turufu ni uru. Ndivyo babu yangu alivyokuwa akisema kila jioni barazani Lindi, akiigonga karata kwenye mkeka: kopa, shupaza, pau, uru. Nilikuwa nikidhani uru ni uru, jina la umbo lile jekundu lenye pembe nne, kama vile kuku ni kuku. Kumbe kwa wenyewe ouro ni dhahabu. Babu alikufa hajui, wala wenzake, na walikuwa wakiidai turufu hiyo kwa sauti ya kuamsha mtaa.

Mmoja wa wale wazee aliniona natazama. Nikamnyooshea karatasi yangu, kitobosha kimoja kilichobaki. Akakichukua, akakikata vipande viwili, akampa mwenzake nusu, kisha akanisogezea nafasi kwenye meza nione vizuri. Ilikuwa imekaribia saa mbili usiku, na mwanga ulikuwa bado wa kutosha kusoma karata. Aliyekuwa mkabala naye akafikiri, akachomoa moja kutoka mkononi, akaipiga chini kwa nguvu.